Kuwapima Wanagofu Chipukizi wa Kike Mwanzoni mwa Msimu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila mwaka, kati ya Januari na Aprili, wafuatiliaji wa gofu ya wanawake huanza kutoa hukumu: huyu ameiva, yule amekwisha, mwingine alisifiwa kupita kiasi. Majibu yaliyo hapa chini yanahusu wachezaji wa kulipwa walio katika misimu yao ya mwanzo. Yameandikwa kwa ajili ya shabiki, mzazi, kocha au mdhamini anayetaka kujua ni lipi kati ya anayoyaona linastahili kuaminiwa na ni lipi la kuachwa lipite. Msimamo wangu, ambao utaonekana karibu katika kila jibu, ni kwamba miezi ya kwanza hueleza vizuri hali ya upigaji wa mchezaji, lakini hueleza vibaya nafasi anayostahili katika orodha.

Tunaposema mwanzo wa msimu, tunamaanisha kipindi gani?

Katika ziara ya LPGA, yaani mfululizo wa mashindano ya kulipwa ulio mkubwa kuliko yote kwa wanawake, kwa miaka ya karibuni msimu umekuwa ukifunguliwa Florida mwezi Januari kwa shindano la mabingwa, linalowakaribisha washindi wa misimu miwili iliyotangulia pekee. Baada ya hapo wachezaji huelekea Asia, hasa Thailand na Singapore, kisha hurudi Marekani mwezi Machi, hadi kufikia Chevron Championship mwezi Aprili, ambalo ni la kwanza kati ya mashindano makuu matano ya mwaka. Ziara ya Japani huanza Machi kisiwani Okinawa, na Ziara ya Ulaya ya Wanawake ilifungua pazia la misimu ya 2023 na 2024 huko Vipingo, pwani ya Kenya. Hapa tutahesabu kila kinachochezwa hadi Chevron kuwa ni mwanzo wa msimu.

Je, mashindano matatu au manne yanatosha kumhukumu mchezaji?

Hayatoshi, na sababu yake ni ya kihesabu kabla haijawa ya kimichezo. Raundi za mchezaji mmoja wa kulipwa, hata akiwa katika hali ileile ya afya na upigaji, kwa kawaida hupishana na wastani wake kwa takriban mikwaju mitatu, juu au chini. Mchezaji aliyecheza mashindano manne na kupita mchujo (unaoamua nani aendelee baada ya raundi mbili za kwanza) katika yote ana raundi 16, na wastani wa raundi 16 bado unaweza kuwa mbali na uwezo wake halisi kwa robo tatu ya mkwaju bila jambo lolote la ajabu kutokea. Mara mojamoja tofauti hiyo hufika mkwaju mmoja na nusu.

Mkwaju mmoja na nusu unaonekana mdogo mpaka mtu atazame namna wachezaji wa LPGA walivyobanana. Mwenye uwezo wa kupiga wastani wa mikwaju 71 kwa raundi anaweza kuonyesha 70 mwishoni mwa Machi na kuitwa nyota mpya, au akaonyesha 72 na kuambiwa hana nafasi katika ziara, ilhali ni mtu yuleyule mwenye mikono ileile. Ili kosa hilo lipungue kwa nusu, raundi zinapaswa kuongezeka mara nne, yaani kufikia 64, na idadi hiyo kwa wachezaji wengi hupatikana msimu ukiwa umeshapita nusu. Ndiyo maana ninasita kila ninaposoma tathmini ya mwezi Machi inayotumia maneno kama "amethibitisha" au "ameshindwa".

Haina maana kwamba tunyamaze hadi Novemba. Maana yake ni kwamba matokeo ya mapema yachanganywe na yale tuliyoyajua kabla, na uzito mkubwa ubaki kwa yale ya kabla. Kwa mchezaji mwenye rekodi ndefu ya misimu iliyopita, raundi 16 mpya zisogeze maoni yetu kidogo tu. Kwa asiye na rekodi yoyote zitasogeza zaidi, lakini hapo ndipo pia tunapokuwa na uwezekano mkubwa wa kukosea.

Mbona mchezaji mpya ninayemfuatilia haonekani kwenye orodha ya fedha?

Huenda hajapata nafasi ya kucheza. Shindano la mabingwa la Januari linamfungia nje yeyote asiye na taji la LPGA, na mashindano ya Thailand na Singapore huwa na wachezaji wachache waliochaguliwa, bila mchujo, hivyo kila anayeingia ana uhakika wa kucheza siku zote nne na kuondoka na malipo. Mchezaji aliyepata kadi yake, yaani haki ya kucheza katika ziara, kupitia mashindano ya kufuzu ya mwisho wa mwaka, au aliyepanda kutoka Epson Tour, ziara ndogo iliyo chini ya LPGA, hukaa nyuma katika orodha ya vipaumbele, na hadi Machi anaweza kuwa amecheza mara moja au mbili tu. Orodha hiyo ya vipaumbele hupangwa upya msimu ukiendelea, kwa hiyo raundi chache anazopata mapema zina thamani kubwa kwake: zinaamua kama atapata nafasi zaidi wakati wa kiangazi.

Isitoshe, fedha nyingi za mwaka hutolewa baadaye. US Women's Open ya 2024 ilikuwa na zawadi ya jumla ya dola milioni 12, na katika fainali ya msimu huohuo, inayowakutanisha wachezaji 60 wa juu, mshindi alipata dola milioni 4. Kumlinganisha chipukizi aliyecheza mara mbili na mwenzake aliyecheza mara sita kwa kutazama fedha walizovuna ni kupima kalenda zao, si mchezo wao.

Ushindi wa mapema una uzito gani?

Hili ndilo swali linaloulizwa zaidi, na historia imelijibu kwa namna zinazopingana. Waswahili husema dalili ya mvua ni mawingu, lakini mawingu ya Februari katika gofu yamewahi kuleta mvua na yamewahi kupita tu.

Chukua mfano wa Yani Tseng wa Taiwan. Akiwa na miaka 22 alikuwa ameshinda mataji makuu matano, na hakuna mchezaji, mwanamke wala mwanamume, aliyekuwa amefikisha matano akiwa na umri mdogo kiasi hicho. Msimu wa 2012 aliuanza kwa kushinda mashindano matatu kati ya matano ya kwanza aliyoshiriki, la mwisho likiwa Kia Classic mwishoni mwa Machi. Mtu yeyote mwenye akili timamu angeandika siku ile kwamba kizazi kizima kingekuwa chake. Alibaki namba moja duniani hadi Machi 2013, akitimiza wiki 109, lakini lile taji la Kia lilikuwa la mwisho kwake katika LPGA.

Patty Tavatanakit wa Thailand alishinda taji kuu la ANA Inspiration mwezi Aprili 2021 akiwa bado anahesabiwa kuwa mgeni katika ziara, kwa mipira mirefu iliyowashangaza watazamaji. Taji lake lililofuata la LPGA lilisubiri hadi Februari 2024, nyumbani kwao Thailand. Hakuna aliyekosea kusema kwamba kipaji kipo. Waliokosea ni wale waliodhani kwamba ratiba ya kipaji hicho ilikuwa imeshajulikana.

Upande wa pili yupo Atthaya Thitikul, aliyeshinda JTBC Classic mwezi Machi 2022 katika msimu wake wa kwanza LPGA, akaongeza taji jingine Septemba, na kabla mwaka haujaisha akawa namba moja duniani akiwa na miaka 19. Yupo pia Shannon Tan wa Singapore, ambaye Februari 2024 alishinda pale Vipingo katika shindano lake la kwanza kama mwanachama wa Ziara ya Ulaya. Lakini kwa Thitikul ushindi wa Machi haukuwa ndio ushahidi wenyewe. Mwaka 2017, akiwa na miaka 14 na bado mchezaji wa ridhaa, alikuwa ameshashinda shindano la Ziara ya Ulaya lililochezwa Thailand, na mwaka 2021 alimaliza kileleni mwa orodha ya ubora ya ziara hiyo. Ushindi wa 2022 uliongeza tofali juu ya ukuta uliokuwa umesimama tayari.

Kwa hiyo ninapokutana na ushindi wa mapema ninauliza mambo mawili. La kwanza ni kama unaendana na yale ya miaka miwili iliyotangulia. La pili ni namna ulivyopatikana: je, mchezaji alipiga vizuri tangu mkwaju wa kwanza hadi grini (eneo la nyasi fupi lenye shimo), au alikuwa na wiki moja ambamo kila mpira mrefu alioupiga kwenye grini uliingia shimoni?

Na yule anayemaliza wa pili kila mara bila kushinda?

Huyo mara nyingi ananivutia kuliko mshindi wa wiki moja. Charley Hull wa Uingereza alipoingia Ziara ya Ulaya mwaka 2013, akitimiza miaka 17 mwezi Machi wa mwaka huo, alimaliza wa pili katika mashindano yake matano ya kwanza, moja baada ya jingine. Wako watu waliolitazama hilo kama tatizo la ujasiri. Kwa hakika ulikuwa ushahidi mzito kuliko taji moja, kwa sababu kushika nafasi ya pili mara tano mfululizo katika viwanja tofauti kunahitaji mchezo usiotegemea bahati ya wiki. Mwaka uleule alichaguliwa kuichezea Ulaya katika Solheim Cup, shindano la timu kati ya Ulaya na Marekani, akiwa mchezaji mdogo kuliko wote waliowahi kushiriki, na taji lake la kwanza la ziara lilikuja Machi 2014.

Ni takwimu zipi zinazoweza kuaminiwa mapema?

Zile zinazohusu mikwaju mingi kwa raundi na zisizotegemea matukio machache. Njia bora iliyopo ni hesabu ya mikwaju iliyookolewa, ambayo msingi wake uliwekwa na Mark Broadie, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia, na ambayo ziara ya wanaume ya Marekani ilianza kuitumia rasmi mwaka 2011 kwa upande wa grini. LPGA ilipata mfumo wake wa takwimu za namna hiyo mwaka 2021. Wazo lake ni rahisi: kila mahali mpira unapolala pana idadi ya wastani ya mikwaju inayohitajika kuumaliza, na kila mkwaju hupimwa kwa kuangalia umeipunguza idadi hiyo kwa kiasi gani kuliko ambavyo washindani wangeipunguza kutoka palepale.

Faida yake kwa mwanzo wa msimu ni kwamba inautenganisha mchezo katika sehemu zake. Mkwaju wa kwanza wa shimo hutulia haraka katika takwimu: umbali anaoupiga mchezaji haubadiliki sana kutoka wiki hadi wiki, na baada ya raundi nane au kumi unaweza kusema kwa uhakika wa kutosha kama ameongeza nguvu tangu mwaka jana. Mikwaju ya kuingia grini hufuata. Inahitaji raundi zaidi, lakini ndiyo ninayoitazama kwanza, kwa sababu Broadie alionyesha kwa data za wanaume kwamba karibu theluthi mbili ya tofauti kati ya wachezaji bora na wale wa kawaida hutokana na mikwaju inayopigwa kutoka umbali wa zaidi ya yadi 100. Uchezaji wa kandokando ya grini huja nyuma yake. Wa mwisho kuaminiwa ni uchezaji wa kwenye grini yenyewe.

Chipukizi anayepoteza mikwaju kwenye grini mwezi Februari huku akiokoa mingi kwa fimbo za chuma, zile za kuingia grini, anapaswa kutazamwa kwa matumaini, hata kama jina lake limo katikati ya jedwali. Aliye kinyume chake, anayepaa kwenye jedwali kwa mipira mirefu inayoingia shimoni huku mikwaju yake ya kuingia grini ikiwa ya wastani au chini ya hapo, huenda akashuka bila kufanya kosa lolote jipya.

Kwa nini uchezaji wa kwenye grini ubadilike kiasi hicho?

Kwa sababu umejengwa juu ya matukio machache yenye uwezekano wa nusu kwa nusu. Hata wanaume wa kulipwa, kutoka umbali wa takriban mita mbili na nusu, huingiza mpira mmoja na kukosa mwingine. Katika wiki moja mchezaji hupata mipira kadhaa tu ya umbali huo, na ikiingia minne zaidi ya kawaida anaweza kuruka kutoka nafasi ya 20 hadi ya tatu.

Kuna na suala la nyasi. Grini za Florida na za Asia ya joto huwa na nyasi za aina ya bermuda, ambazo mlalo wake huuvuta mpira, wakati California, ambako ziara imezoea kupita mwezi Machi, grini nyingi zina nyasi za poa, ambazo hukua bila usawa na kuufanya mpira uyumbe alasiri. Msichana aliyekulia Sweden au Japani anajifunza nyuso hizo kwa mara ya kwanza akiwa kazini. Ninaposikia kwamba chipukizi fulani "hajui grini", huwa ninauliza kwanza ni grini za wapi.

Tahadhari nyingine ndogo: idadi ya mikwaju ya kwenye grini kwa raundi, ambayo bado huchapishwa sana, haipimi ustadi huo sawasawa. Mchezaji anayekosa grini mara nyingi huusogeza mpira karibu na shimo kwa mkwaju mfupi, kisha humaliza kwa mmoja, na jedwali humwonyesha kama bingwa wa grini.

Mchezaji wangu ameshindwa kupita mchujo mara tatu mfululizo. Je, kuna tatizo?

Inawezekana, lakini hesabu ya mara tatu haithibitishi. Baada ya raundi mbili, mashindano mengi ya LPGA hubakiza wachezaji wapatao 65 na wale waliolingana nao, na wengi wanaoachwa nje hukosa kwa mkwaju mmoja au miwili katika siku mbili. Tazama kwanza alikosa kwa kiasi gani. Kukosa kwa mkwaju mmoja mara tatu na kukosa kwa minane mara tatu ni habari mbili tofauti kabisa.

Nelly Korda alitoa mfano mzuri wa jambo hili mwaka 2024. Alikuwa ameshinda mashindano matano mfululizo aliyoshiriki, la tano likiwa Chevron, na akaongeza la sita mwezi Mei. Wiki mbili baadaye, katika US Women's Open iliyochezwa Lancaster, Pennsylvania, alitumia mikwaju 10 kwenye shimo la mikwaju mitatu, akamaliza raundi kwa 80 na kuondoka baada ya siku mbili. Akaukosa mchujo tena katika mashindano mawili yaliyofuata. Kama mtu angezitazama wiki zile peke yake angemwona mchezaji aliyevurugika. Novemba alishinda taji lake la saba la mwaka.

Mfano mgumu zaidi ni wa Ariya Jutanugarn. Mwaka 2015 alishindwa kupita mchujo mara 10 mfululizo, na hapo haikuwa bahati mbaya tu, kwani kulikuwa na tatizo la kweli katika mikwaju yake ya kwanza. Hata hivyo mwaka uliofuata alishinda mara tatu mfululizo mwezi Mei, akachukua Women's British Open na kuwa Mchezaji Bora wa Mwaka. Tatizo la kweli linaweza kutibika, na jedwali la matokeo haliwezi kukuambia litatibika lini.

Alipokuwa akiongoza alianguka katika mashimo ya mwisho. Je, hana moyo wa ushindi?

Jutanugarn huyohuyo ndiye jibu. Februari 2013, akiwa na miaka 17 mbele ya mashabiki wa kwao, alifika shimo la mwisho la Honda LPGA Thailand akiongoza kwa mikwaju miwili, akatumia mitatu zaidi ya kiwango cha shimo, na Inbee Park akashinda kwa mmoja. Aprili 2016, katika ANA Inspiration, alipoteza mkwaju katika kila moja ya mashimo matatu ya mwisho na Lydia Ko akachukua taji. Mwezi uliofuata ndipo alipoanza ule mfululizo wa ushindi uliotajwa hapo juu. Kwa maoni yangu, kuanguka mwishoni kwa mchezaji mdogo kuandikwe kwanza kama ushahidi kwamba alifika pale, na tabia ya kuanguka ithibitishwe kwa miaka, si kwa Jumapili mbili.

Amebadilisha kocha, fimbo au kedi (msaidizi anayembebea fimbo) katika mapumziko. Nilizingatie vipi?

Lizingatie sana. Lydia Ko aliuanza msimu wa 2017 akiwa na kocha mpya, kedi mpya na fimbo za kampuni mpya. Alikuwa bado namba moja duniani, na matokeo yake ya mwanzo hayakuwa mabaya kiasi cha kumtisha mtu, lakini hakushinda hata mara moja mwaka ule. Kati ya taji la Julai 2016 na lile la Aprili 2018 hakupata jingine, na baada ya hapo akasubiri tena miaka mitatu. Nani anaweza kusema ni badiliko lipi kati ya yale matatu lililomgharimu, au kama ni uchovu wa kucheza miongoni mwa walio bora tangu utotoni? Ninachojifunza hapo ni kwamba mabadiliko yanapokuja kwa pamoja, rekodi ya zamani hupoteza sehemu ya uwezo wake wa kutabiri, na mpimaji anapaswa kupanua mipaka ya makadirio yake pande zote mbili. Ikumbukwe kwamba mwaka 2024 Ko huyo alishinda dhahabu ya Olimpiki Paris, akaingia katika Jumba la Mashuhuri la LPGA, na wiki chache baadaye akachukua AIG Women's Open kwenye uwanja wa St Andrews.

Badiliko moja dogo, kama fimbo mpya ya grini, halistahili aya nzima.

Umri una umuhimu gani?

Una umuhimu, ila si kwa njia ya mstari ulionyooka. LPGA inahitaji mwanachama awe na miaka 18, ingawa imewahi kutoa ruhusa maalumu, kama kwa Lexi Thompson, aliyeshinda shindano la LPGA mwaka 2011 akiwa na miaka 16, na kwa Ko, aliyeshinda akiwa na miaka 15 mwaka 2012 na kufika namba moja duniani akiwa na 17. Mifano hiyo imewaharibia watu macho. Mchezaji wa miaka 21 sasa huitwa mchelewaji, jambo ambalo ni upuuzi.

Inbee Park alishinda US Women's Open mwaka 2008 akiwa na miaka 19, kisha akakaa hadi 2012 bila taji jingine la LPGA. Mwaka 2013 alishinda mashindano makuu matatu ya kwanza ya msimu mfululizo. Aliyempima mwanzoni mwa 2010 au 2011 angeona mchezaji anayefifia. Rose Zhang alichukua njia ya chuo, akashinda ubingwa wa vyuo wa mchezaji mmojammoja mara mbili akiwa Stanford, na Juni 2023 akashinda Mizuho Americas Open katika shindano lake la kwanza kama mchezaji wa kulipwa, akiwa na miaka 20. Baadaye alirudi darasani katika miezi ya baridi huku akiwa mwanachama wa ziara, na hilo linatupa tahadhari kwamba kutoonekana kwenye majedwali ya Februari si lazima kuwe jeraha au kushuka kwa kiwango.

Je, nafasi ya ubora duniani inasaidia?

Kwa chipukizi, inasaidia kidogo. Orodha ya Rolex, iliyoanza mwaka 2006, huhesabu pointi za miaka miwili na kutoa uzito kamili kwa wiki 13 za karibuni, kisha uzito hupungua polepole. Jumla hugawanywa kwa idadi ya mashindano, lakini kigawanyo hakishuki chini ya 35. Mchezaji aliyecheza mara 15 tu anagawanywa kana kwamba amecheza 35, hivyo nafasi yake huwa ya chini kuliko uwezo wake, na akishinda mara moja hupanda ghafla kwa makumi ya nafasi. Kupanda huko ni kwa hesabu zaidi kuliko kwa mchezo.

Vipi kuhusu mbio za Mchezaji Chipukizi wa Mwaka?

Ushindi hutoa pointi 150, na katika mashindano makuu pointi huwa maradufu, kwa hiyo uongozi wa Machi unaweza kufutwa kwa wiki moja ya Juni. Mao Saigo wa Japani alitwaa tuzo hiyo mwaka 2024 bila kushinda shindano lolote, kwa kumaliza karibu na kilele mara kwa mara, na Aprili 2025 akashinda Chevron katika mashimo ya nyongeza yaliyowakutanisha wachezaji watano. Tuzo hupima msimu mzima, na iachwe ifanye kazi hiyo.

Mimi ni mdhamini na natakiwa kuamua sasa. Nifanye nini?

Anza na rekodi ya misimu miwili iliyopita, iwe ya chuo, ya ridhaa au ya ziara ndogo, na uiandike kabla hujatazama matokeo ya mwaka huu, ili matokeo mapya yasikuchagulie yapi ya zamani uyakumbuke. Kisha tazama umbali wa mkwaju wa kwanza na mikwaju ya kuingia grini ya msimu huu, ukilinganisha na wachezaji waliokuwa uwanjani wiki hizohizo. Uliza kuhusu afya, kocha na vifaa. Nenda ukamtazame akicheza siku ambayo mambo hayamwendei, ikiwezekana Ijumaa akiwa ukingoni mwa mchujo. Sijui takwimu inayoonyesha vizuri zaidi namna anavyochagua mkwaju akiwa na wasiwasi, na hapa ninakiri kwamba jicho bado lina kazi.

Katika mkataba, epuka masharti yanayopima matokeo ya robo ya kwanza ya mwaka. Weka tathmini baada ya idadi ya raundi, kwa mfano 40, badala ya baada ya tarehe, kwa sababu mchezaji aliye nyuma katika orodha ya vipaumbele anaweza kufika Aprili akiwa amecheza raundi sita.